Uganda: Kodi ya Kahawa na Mzigo wa Askari wa Mpakani



Askari wa zamu mpakani huweza kuitambua hali ya uchumi wa nchi kabla haijaandikwa katika vitabu vya Hazina. Akiona magunia yanavuka mchana kwa njia kuu, na wenyewe wanasimama kizuizini kwa hiari na kuonyesha hati zao, hujua kwamba bei na kodi zimekaa mahali pake. Akiona magunia yanavuka usiku wa manane, kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu, hujua kwamba kuna jambo limekwenda mrama, na kwamba jambo hilo halikuanzia pale mpakani. Limeanzia mbali, katika ofisi ambamo mtu alishika kalamu akaamua Serikali ichukue kiasi gani na mkulima abakiwe na kiasi gani. Kalamu ile ikikosea, bunduki ndiyo hutumwa kwenda kulisahihisha kosa lake. Leo twataka kuitazama historia ya jirani zetu wa Uganda, kwa sababu ni nchi chache zilizolipata fundisho hili kwa gharama kubwa kama wao.

Kodi ya kisasa iliingia Uganda pamoja na utawala wa Kiingereza. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa mwaka juu ya kila nyumba, na rupia 3 nyingine juu ya kila bunduki. Wakati ule wakulima wengi hawakuwa na rupia hata moja. Ndiyo maana kodi ile haikuwa njia ya kujaza Hazina tu, bali ilikuwa pia amri iliyojificha ya kumtaka kila mwanamume aingie katika biashara ya fedha. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ukingoni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901, na mbegu za pamba zikaletwa miaka michache baadaye. Mkulima wa Buganda na wa Busoga akalima pamba, akauza, akalipa kodi, na chenji iliyobaki akanunulia kitambaa na chumvi. Lakini mtu wa Kigezi au wa West Nile, ambaye pamba haikufika kwake au reli haikumkaribia, alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, nacho ni nguvu za mikono yake. Huyo alifunga safari ya mamia ya maili kwenda kuwa kibarua katika mashamba ya wengine. Kwa hiyo kodi moja, iliyotozwa kwa kiwango kilekile, iliwafanya hawa kuwa wakulima na wale kuwa vibarua. Tangu mwanzo, basi, kodi ndiyo iliyoamua nani afanye kazi gani na wapi.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta mtindo mpya. Serikali ya kikoloni ilishika mamlaka ya kununua pamba na kahawa yote kwa bei iliyopangwa, ikaiuza nje kwa bei ya dunia, na tofauti ikawekwa katika mifuko maalumu. Ilisemwa kwamba fedha hizo zingemlinda mkulima siku bei itakapoanguka. Bei za dunia zikapanda baada ya vita, mifuko ikafura, na mkulima akaendelea kupewa kidogo. Wakulima wa Buganda hawakuwa wajinga wa hesabu. Walipofanya ghasia mwaka 1945 na tena mwaka 1949, miongoni mwa madai yao ilikuwa haki ya kuchambua pamba yao wenyewe na kuiuza nje bila kupitia mikono ya Serikali. Katika miaka hiyo ndipo lilipovuma jina la Ignatius Musazi, kiongozi wa chama cha wakulima, ambaye mwaka 1952 aliunda chama cha Uganda National Congress. Harakati za uhuru wa Uganda, kwa sehemu kubwa, zilianzia kwenye mizani ya pamba.

Haki itendeke: si kila senti ya fedha zile ilipotea. Bwawa la umeme la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, pamoja na miradi ya Shirika la Maendeleo la Uganda lililoundwa mwaka 1952, viliambatana na zama ambazo jasho la wakulima wa pamba na kahawa lilikuwa ndiyo akiba ya nchi. Viwanda vya nguo, saruji na shaba vikasimama, na maelfu ya watu wakapata ajira ya mshahara. Hapo twaona kwamba kodi inaweza kujenga. Lakini desturi mbaya nayo ilizaliwa, ya kuliona zao la mkulima kama kisima kisichokauka. Na wahenga wametuonya: bandu bandu huisha gogo.

Onyo la mapema lilitolewa. Mwezi Januari 1960, katika wilaya za mashariki za Bukedi na Bugisu, wananchi waliasi dhidi ya jinsi machifu walivyokuwa wakikadiria kodi ya kichwa. Nyumba za machifu zilichomwa, polisi wakaitwa, na watu wakapoteza maisha. Askari waliotumwa kule hawakuwa wameipanga kodi ile, wala hawakuwa na uwezo wa kuibadili. Walitumwa kusimama kati ya wananchi na makosa ya wakadiriaji.

Ndugu wasikilizaji, Uganda ilipata uhuru wake tarehe 9 Oktoba 1962, na kahawa ilikuwa imekwisha kuipita pamba kuwa zao kuu la nchi. Bodi ya kahawa ikapewa mamlaka ya peke yake ya kuuza nje, na kodi ya mauzo ya nje ikawa nguzo ya Hazina. Mambo yalikwenda kwa kiasi, kwa sababu nguzo nyingine bado zilikuwepo: viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, nguo za Jinja, shaba ya Kilembe, chai, na biashara za mijini. Kila moja ililipa kodi yake na kila moja iliajiri watu wake.

Nguzo hizo ziliangushwa kwa siku 90. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, na makumi ya maelfu wakaondoka. Hatua hiyo ikaitwa Vita vya Uchumi. Maduka na viwanda viligawiwa, na sehemu kubwa ikaangukia mikononi mwa maofisa wa jeshi na wapambe wao, ambao wananchi waliwapa jina la mafuta mingi. Wengi wao waliuza mali iliyokuwa rafuni na hawakuwa na njia ya kuleta nyingine. Kiwanda ambacho hakizalishi hakilipi kodi wala mshahara. Sukari, ambayo Uganda ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka na kuuza nyingine nje, ikawa bidhaa ya kutafutwa kwa foleni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, kahawa peke yake ilikuwa imebeba zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya nchi ya nje. Jeshi lililozidi kupanuka, magari, risasi na anasa za wakubwa, vyote vikawa vinamtazama mkulima wa kahawa.

Halafu, mwezi Julai 1975, baridi kali ikaua mibuni ya Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapaa na kufikia kilele mwaka 1977. Kwa nchi yenye kahawa hiyo ilikuwa neema. Lakini Serikali ya Uganda iliendelea kumlipa mkulima sehemu ndogo mno ya bei ile, tena kwa shilingi ambayo thamani yake rasmi ilikuwa mara nyingi zaidi ya thamani yake sokoni. Thamani hiyo ya uongo nayo ilikuwa kodi, ingawa haikutungiwa sheria wala kutolewa stakabadhi.

Tufanye hesabu ya mfano, ili askari aone kilichokuwa kikimkabili mwenzake wa Uganda. Tuseme gunia la kahawa lina thamani ya 100 katika soko la dunia. Bodi inamlipa mkulima 20, tena kwa kuchelewa. Ng'ambo ya mpaka mnunuzi anatoa 60, taslimu. Mlanguzi anamwendea mkulima na kumpa 30, naye mkulima anaona amebarikiwa. Mlanguzi ananunua magunia manne kwa 120. Tuseme askari ni hodari na mwaminifu, na kila gunia moja kati ya manne analikamata. Magunia matatu yaliyofika yanauzwa kwa 180. Baada ya kupoteza gunia zima, mlanguzi bado amepata faida ya 60. Na katika faida hiyo anao uwezo wa kumpa askari, kwa usiku mmoja wa kugeuza uso, kiasi kinachozidi mshahara wake wa mwezi, mshahara ambao wenyewe umekwisha kuliwa na kupanda kwa bei. Ni jeshi gani litakaloshinda vita ambavyo hesabu yake imepangwa hivyo?

Basi kahawa ikavuka. Ilivuka Ziwa Victoria kwa mitumbwi yenye injini, ikavuka milima ya magharibi kwenda Zaire na Rwanda, ikavuka mpaka wa Kenya mpaka soko dogo la Chepkube likapata umaarufu mkubwa katika miaka ya 1976 na 1977. Serikali ya Amin ilijibu kwa ukali. Mwaka 1975 ilikuwa imekwisha kuunda mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, ambayo adhabu zake zilifika hata kifo, na kikosi maalumu cha kupambana na magendo kikapewa boti na silaha ziwani. Wavuvi na wachuuzi wadogo waliuawa. Kahawa haikuacha kuvuka. Sehemu ya walewale waliopewa bunduki za kuizuia walikuwa wamekwisha kuwa wasafirishaji wake.

Hasara ya magendo ilipita kodi iliyopotea. Kahawa iliyouzwa Chepkube haikulipia dawa za hospitali ya Mulago wala vipuri vya viwanda vya Jinja. Kiwanda kilipokosa kipuri, mashine zilisimama, na kibarua akaenda nyumbani. Kibarua huyo, akiwa na watoto wa kulisha, alikuwa mchukuzi mpya wa magunia ya usiku. Kwa njia hiyo kodi mbaya iliua kazi halali na kuzalisha kazi haramu, na kila mwaka jeshi la wenye kazi haramu lilizidi kukua. Mtaka yote hukosa yote.

Hatuna haja ya kuwakumbusha askari wa Tanzania jinsi utawala ule ulivyokwisha. Uvamizi wa Kagera wa mwaka 1978 ulijibiwa, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Lakini kuanguka kwa dikteta hakukuiponya mizani ya kahawa. Mwezi Juni 1981 shilingi ya Uganda iliachwa ielee, na dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban shilingi 8 ikapanda hadi takriban shilingi 78. Ukubwa wa tofauti ile ndio uliokuwa kipimo cha kodi ya kificho ambayo mkulima alikuwa akitozwa. Baadaye vita vya ndani vilirudisha mambo nyuma.

Serikali iliyoingia Januari 1986 nayo ilianza kwa kukosea. Mwaka 1987 ilibadili fedha, ikaondoa sifuri mbili, na ikatoza asilimia 30 ya fedha zote zilizobadilishwa. Mfumuko wa bei ulizidi asilimia 200, na thamani rasmi ya shilingi ikaachwa tena ipotoke. Ndipo, hatua kwa hatua, njia nyingine ikajaribiwa. Mwaka 1990 maduka ya kubadilishia fedha za kigeni yaliruhusiwa kisheria. Mwaka 1991 ukiritimba wa bodi ya kahawa ulivunjwa, na mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato ya Uganda ikaundwa. Mwaka 1992 kodi ya mauzo ya kahawa ya nje ikafutwa.

Wengi waliuliza swali ambalo kila askari anayengoja mshahara angeliuliza: kama kodi ya kahawa imefutwa, jeshi litalipwa na nini? Swali hilo ni la haki. Ukweli ni kwamba misaada ya nje ilibeba sehemu kubwa ya bajeti ya miaka ile, na asiyelitaja hilo hasimulii historia kamili. Lakini jambo la pili pia ni kweli. Mkulima aliyekuwa akipata kati ya asilimia 20 na 30 ya bei ya dunia alianza kupata asilimia 60 na zaidi. Baridi ilipoipiga tena Brazil mwaka 1994 na bei ikapanda, safari hii neema ilifika kijijini. Serikali iliweka kodi ya muda ya kahawa, kisha ikaiondoa mwaka 1996. Katika msimu wa 1996/97 Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 4 ya kilo 60, takriban mara mbili ya mauzo ya mwanzo wa mwongo ule. Mkulima mwenye fedha alinunua mabati, baiskeli, sabuni na mafuta ya taa. Fundi wa kuezeka akapata kazi, mwenye duka akaajiri kijana, lori likapata mzigo. Na juu ya mabati yale, mafuta yale na sabuni ile, Serikali ikapata ushuru wake. Mapato ya kodi, yaliyokuwa takriban asilimia 7 ya pato la taifa mwaka 1991, yalizidi asilimia 10 katikati ya miaka ya 1990. Idadi ya watu walioishi katika umaskini ilipungua kutoka asilimia 56 mwaka 1992 hadi karibu asilimia 35 mwisho wa mwongo, na wakulima wa kahawa walikuwa miongoni mwa waliofaidi zaidi.

Wakati huohuo, kati ya mwaka 1992 na 1995, Uganda iliwapunguza jeshini askari wapatao 36,000. Watu hawa walijua kutumia silaha, na wengi hawakuwa na ujuzi mwingine. Lau wangalirudi katika vijiji vya mwaka 1977, ambako kazi yenye faida ilikuwa magendo, nani asiyeweza kukisia ambacho kingetokea? Walirudi katika vijiji ambavyo shamba lilikuwa limeanza kulipa. Si wote waliofanikiwa, wala nchi nzima haikupata amani, maana kaskazini vita viliendelea kwa miaka mingi. Hata hivyo, ni jambo la kuzingatiwa na kila mwanajeshi kwamba bei nzuri ya zao ni sehemu ya ulinzi wa taifa.

Tusije tukadhani kwamba matatizo yalikwisha. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilipoanza tarehe 1 Julai 1996 kwa kiwango cha asilimia 17, wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka yao, na Serikali ikalazimika kupandisha kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujiandikisha, kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 50. Mamlaka ya Mapato yenyewe iliingiwa na rushwa hata tume ikaundwa kuichunguza. Ugonjwa wa mnyauko uliishambulia mibuni. Na ile kodi ya kichwa iliyorithiwa kwa wakoloni, ambayo kwa miaka mingi iliwafanya wanaume wakimbilie vichakani alfajiri wawaonapo askari, haikuondolewa mpaka mwaka 2005. Serikali za wilaya zilipoteza chanzo cha mapato, na ilichukua muda kuziba pengo lile. Kodi mbaya huweza kuwa rahisi kuiweka kuliko kuiondoa.

Ndugu wasikilizaji, fundisho hili si la jirani peke yake. Sisi nasi tulikuwa na kodi yetu ya maendeleo, tukaifuta mwaka 2003. Na katika mkoa wetu wa Kagera, njia ileile ya magendo imewahi kugeuza mwelekeo. Kahawa iliyokuwa ikiikimbia Uganda zamani za Amin imefuatwa, katika miaka ya karibuni, na kahawa yetu ikivuka kwenda Uganda, kwa sababu mnunuzi wa ng'ambo alilipa taslimu na kwa bei bora, hali mkulima wetu alikatwa tozo nyingi na kungojeshwa malipo. Mwaka 2017 Serikali ilifuta nyingi miongoni mwa tozo za mazao, na hiyo ilikuwa hatua ya kulenga shina la tatizo.

Hatusemi kwamba kodi ni adui. Pasipo kodi hakuna mshahara wa askari, hakuna barabara ya kupitishia zao, hakuna mahakama ya kumlinda mwenye duka. Wala hatusemi kwamba askari aliyepo zamu afumbe macho eti kwa sababu bei ni mbaya. Sheria ni sheria mpaka ibadilishwe, na kuitekeleza kwa uaminifu ndiyo heshima ya sare. Tunalosema ni kwamba waliokabidhiwa kalamu wawakumbuke waliokabidhiwa bunduki. Taarifa ya askari wa doria kwamba magunia yameanza kupita usiku isihesabiwe kuwa habari ya uhalifu tu. Iwafikie pia wapangaji wa kodi na bei, maana ni wao wanaoweza kuyarudisha magunia yale kwenye njia kuu, mchana kweupe, bila risasi hata moja kufyatuliwa.